Sauti Iliyotoa Radhi

"Hodi," sauti ya Mwalimu Nyamizi ilisema mlangoni, laini na yenye bashasha, kisha Mwalimu Nyamizi mwenyewe akaingia amefura kwa hasira, midomo ameibana, kibao cha kuandikia amekikumbatia kifuani.

Siwema Mrisho, mtaalamu wa tiba ya sauti, aliacha chapati yake kwenye sahani na kunyanyuka. Hakuwa amemwita mgonjwa huyu leo.

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" ilijibu ile sauti.

Midomo ya Mwalimu haikutikisika. Kilichojibu ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kilichobandikwa chini ya koo lake kwa gundi ya rangi ya ngozi. Kiliitwa Itika. Kazi yake ilikuwa kusikiliza anachoambiwa aliyekivaa na kuitikia, hata kupiga hodi na kuaga, kwa sauti ya mtu huyo, iliyokusanywa kutoka rekodi za masomo yake ya zamani, kabla koo halijaharibika. Pale kliniki Tabora walikitoa kwa wagonjwa tu. Mijini watu wazima na afya zao walikwisha kuanza kukivaa ili wapumzike kuitikia wakwe, na Siwema alikuwa akiwacheka.

"Kuna maumivu?" aliuliza.

Mwalimu alitikisa kichwa. Lakini alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kiti cha uchunguzi na kuinua kidevu, kama mtu anayetaka jambo dogo liishe kwanza. Siwema akaupitisha ule waya mwembamba wa kamera puani, taratibu, hadi nyuzi mbili za sauti zilipotokea kwenye skrini ya ukutani, kubwa kama mapazia ya dirisha.

Siku ya kwanza walipoonana, nyuzi hizo zilikuwa na vinundu viwili vinavyotazamana, sugu kabisa, kama za mkono wa mpiga jembe. Mtu akiongea, nyuzi za sauti hugongana mamia ya mara kwa sekunde moja; akipiga kelele hugongana kwa nguvu zaidi, na zikigongwa mwaka hadi mwaka zinaota sugu. Mwalimu Nyamizi alikuwa na darasa la watoto tisini. Serikali ilikwisha kumletea ukuta unaofundisha hesabu, ila ukuta haukuwahi kumfanya mtoto akae chini. Kazi hiyo ilibaki ya koo lake. Alipoanza kukauka sauti alijitibu kwa asali, maana huku asali ni dawa ya kila kitu, na Siwema alilazimika kumweleza kwamba asali haifiki huko. Kinachomezwa kina njia yake nyuma. Kingegusa nyuzi za sauti angepaliwa. Kinachofika ni mvuke, unyevu wa maji aliyokunywa tangu asubuhi, na mapumziko.

Mapumziko ndiyo yaliyomshinda. Baada ya upasuaji wa kwanza aliambiwa asitoe neno, wala asinong'one. Akaahidi. Kisha akatoka hospitali akakatiza Ng'ambo, mtaa ambao nusu ya watu wake aliwafundisha yeye kusoma. Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mwalimu. Nani aliyelelewa Tabora ataiacha shikamoo ipotee hewani? Aliziitikia zote. Alipohisi koo linawaka akaanza kunong'ona, akidhani anajinusuru, kumbe mnong'ono unazikamua zile nyuzi kuliko mazungumzo ya kawaida. Kidonda kikafumuka, kikapona vibaya, na ikabidi apasuliwe tena. Daktari wa upasuaji alisema wazi kwamba hakutakuwa na mara ya tatu. Kidonda kikifumuka tena, kovu litashika, na sauti ya Mwalimu itakuwa hewa tupu mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo Siwema akambandika Itika.

"Zinapona," alisema sasa, akiutazama ukuta kwa furaha ya kweli. "Angalia, Mwalimu. Nyeupe, hazina uvimbe. Wiki ijayo tunaanza kuguna kidogo kidogo, midomo imefungwa. Usiharakishe tu."

Mwalimu hakuangalia ukuta. Waya ulipotoka alichukua kibao, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa, wa kusomeka na aliyekaa nyuma kabisa.

IMEMSAMEHE MSABILA.

Siwema aliisoma mara mbili. Alimfahamu Msabila kwa jina; alikuwa mdogo wake Mwalimu, na hawakuwa wanazungumza.

"Nani amemsamehe?"

Mwalimu aligonga kifungo cha shingoni kwa ukucha.

* * *

Itika ilikuwa na madaraja mawili. La kwanza lilijua salamu peke yake. La pili lilijua adabu zote: pole, hongera, asante, karibu chakula, hapana nimeshiba. Siku ya kubandikwa, Mwalimu aliulizwa anataka lipi, akaandika: Salamu tu. Akapigia mstari.

Wiki iliyofuata jirani yake alipiga simu kliniki kulalamika. Mwalimu ana maringo siku hizi, alisema. Unampa pole ya ugonjwa anakukodolea macho, unamkaribisha chai anageuza mgongo. Siwema alikuwa na mgonjwa ndani na wengine watatu kwenye benchi. Alimwonea huruma Mwalimu. Akavuta orodha ya vifaa kwenye skrini ya meza yake, akaligusa jina la Mwalimu na kufungua daraja la pili. Alikusudia kumwambia. Jioni ikaingia, kesho yake ikaja na mambo yake, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika tena, alisahau.

Hakusahau. Hilo alilikiri moyoni sasa, akiwa ameshika kibao cha mtu mwingine. Alikumbuka mara kadhaa, na kila mara akaona ni jambo dogo.

Mwalimu alikuwa anaandika, anafuta, anaandika. Jana walimleta Msabila barazani kwake, wamembeba kwenye kiti, na ukoo mzima nyuma. Figo za kupandikizwa zimemkataa mara ya pili. Kisukari kilikwisha kumchukua macho. Akasema mbele ya watu wote, dada, nakuomba radhi.

"Na Itika ikajibu," Siwema alisema.

"Nimekusamehe, ndugu yangu. Yameisha," ilisema Itika, kwa sauti tamu, kwa kuwa ilisikia jina lake na ikadhani inaulizwa ilichosema.

Siwema aliijua sentensi ile. Ilikuwa yake. Kwenye kikao cha kuifundisha Itika adabu, kule Dodoma, mtu mmoja aliuliza mashine ifanye nini mvaaji akiombwa radhi, na mwingine akashauri inyamaze. Siwema ndiye aliyepinga. Kunyamaza mbele ya anayekuomba radhi ni tusi, alisema, na hakuna Mswahili anayekataa radhi mbele ya watu. Weka "nimekusamehe, yameisha", ndivyo kila mtu anavyosema. Walimpigia makofi.

"Mwalimu, ungeweza kuandika. Ungetikisa kichwa."

Haoni, aliandika Mwalimu. Kisha: Walikuwa wanalia. Wanashukuru Mungu. Ningefungua mdomo, koo lingekwisha. Nikanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Siwema alijua kosa la Msabila, kama wote wa mtaa ule walivyolijua. Mama yao alipofariki, Mwalimu alikuwa Mwanza kwenye usahihishaji wa mitihani. Alimpigia mdogo wake simu, akamsihi wamngoje, yuko njiani. Msabila akasema, tutakungoja. Mwalimu aliposhuka kwenye treni watu walikuwa wanarudi makaburini, na majembe yana udongo mbichi. Hakumwona mama yake. Tangu siku ile hakumsemesha Msabila, na alikuwa mtu wa kuongea na kila mtu.

"Naifunga sasa hivi," Siwema alisema na kunyoosha mkono mezani.

Mwalimu alimshika mkono. Aliandika haraka, bila kumtazama usoni. Usiifunge bado. Nikitoka hapa nitapita kwa watu, watanipa pole ya Msabila.

Kisha akaongeza chini yake, kwa herufi ndogo: Niliona imeanza kusema asante. Nilipenda. Sikukuuliza.

Siwema angeweza kujipa nafuu kwa maneno hayo, na kwa kitambo kidogo alijaribu. Hayakumfaa. Aliyefungua ni yeye.

"Sasa nifanyeje?"

Nenda ukamwambie si mimi.

"Ngoja wiki ijayo tu, Mwalimu. Utamwambia mwenyewe, kwa sauti yako."

Wiki ijayo hayupo, aliandika Mwalimu. Akafuta kibao kwa kanga, akasimama, na mlangoni ile sauti ikaaga kwa niaba yake: "Haya mwanangu, tutaonana, Mungu akipenda."

* * *

Nyumba ya Msabila ilikuwa Isevya, bati jipya la umeme wa jua juu na kuta za zamani chini. Kalunde, binti yake, alimpokea Siwema uani akiwa na mwiko mkononi. Hawakuwa wakifahamiana, lakini koti jeupe la kliniki lilijitambulisha lenyewe.

"Karibu daktari. Wewe ndiye unayemtibu shangazi, eti? Mungu akubariki. Baba amekula leo. Bakuli zima la uji, na sasa anataka lingine. Tangu shangazi amwambie yale maneno jana, amelala kama mtoto."

Siwema alisema vizuri, nashukuru, na akamfuata ndani.

Msabila alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, uso umemvimba kwa maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Alikuwa amenyolewa ndevu. Siwema alimwamkia, akaitikia kwa uchangamfu, akamuuliza dada yake ataanza lini kusema sana kama zamani.

"Jana sikuamini masikio yangu," alisema. "Sauti safi. Kama alivyokuwa akinisomea vitabu nikiwa mdogo. Mmefanya kazi kubwa nyie."

Pale ndipo pa kusema. Siwema alikuwa ameyapanga maneno tangu njiani: baba, kuna jambo kuhusu sauti uliyoisikia. Aliyafungulia mdomo. Akaona bakuli tupu kando ya kitanda, na zile ndevu zilizonyolewa.

"Nilikuja kukujulia hali tu," alisema.

Hakuwa mwoga siku zote. Aliwahi kuwaambia waimbaji kwamba hawataimba tena, na mzee mmoja kwamba ukavu wa sauti anaoulea miezi mingi kwa tangawizi ni uvimbe wa saratani, na kwamba alitakiwa kuja baada ya wiki tatu za kwanza. Lakini habari zile hazikuwa zimesababishwa na mkono wake. Hii ilitoka mezani pake. Kumwambia Msabila ni kumnyang'anya usingizi aliompa yeye mwenyewe kwa wizi, na kutomwambia ni kuendelea kumwibia Mwalimu. Alikaa pale anaongea habari za mvua.

"Hodi humu ndani," ilisema sauti mlangoni.

Mwalimu Nyamizi hakuwa ametegemea mtu wa kumtuma. Alisimama kizingitini, amejitanda kanga, akihema kwa mwendo. Alimtazama Siwema, akaona alivyokaa kwa starehe ya mgeni, na akaelewa kwamba halijasemwa neno.

"Dada," Msabila alisema, akigeuza uso kuelekea mlangoni. "Umekuja. Shikamoo."

"Marahaba, ndugu yangu. Hujambo?"

Mwalimu alifumba macho. Kisha akaenda hadi miguuni pa kitanda, akaandika, na kumpa Siwema kibao. Msomee, mdomo wake uliumba neno hilo bila pumzi.

Siwema akasoma. Sauti yake mwenyewe, iliyozoeshwa miaka kwa miaka isitikisike, ilitikisika. "Baba, dada yako ameandika hapa. Anasema... anasema, sijakusamehe. Iliyosema jana ni mashine."

Msabila hakukasirika. Alitabasamu kama mtu mzima anayetaniwa na mtoto.

"Daktari, mimi macho ndiyo sina. Masikio ninayo. Sauti ya dada yangu niizoee miaka yote hiyo, leo uniambie si yake?" Akaelekeza uso pale aliposikia Mwalimu akihema. "Dada, huyu anasema nini? Si umeniwia radhi?"

"Nimekusamehe, ndugu yangu," ilisema Itika. "Yameisha."

Kibao kilianguka. Mwalimu Nyamizi alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, kucha zinatafuta ukingo wa gundi, na gundi ile haikutengenezwa ibanduke kwa kucha. Ilihitaji dawa iliyokuwa kwenye mkoba wa Siwema, ili wagonjwa wasijivue wakaanza kuongea kabla ya wakati. Alimgeukia Siwema. Hakuomba. Alinyoosha shingo tu, kama pale kwenye kiti cha uchunguzi.

Siwema alijua anachoombwa. Alizikumbuka zile nyuzi ukutani, nyeupe, ngozi yake mpya bado laini kama utando wa maziwa. Hakukuwa na mara ya tatu. Kazi yake yote kwa mwanamke huyu ilikuwa ni kuhakikisha jambo hili moja halitokei, na angeweza kukataa, na hakuna baraza la madaktari popote ambalo lingemlaumu. Lingemsifu. Alifikiri juu ya sifa hizo na zikamchefua.

"Polepole, Mwalimu," alisema, akipaka dawa. "Usinong'one. Sauti ya kawaida, ya chini. Vuta pumzi kwanza. Ukihisi inakwama usiisukume."

Kifungo kikatoka. Akakitupa mkobani.

Mwalimu alikaa kitandani karibu na mdogo wake. Alivuta pumzi kama alivyoambiwa.

"Msabila," alisema.

Haikuwa sauti ya jana. Ilikuwa nzito, imekwaruzika, na katikati ya jina hewa ilivuja. Lile tabasamu likamtoka Msabila usoni taratibu, na Siwema akatazama sakafu.

"Ulisema mtaningoja."

"Nilisema," alijibu Msabila.

"Nilikuta majembe."

"Najua, dada."

"Kwa nini?"

Msabila alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wake. "Wazee waliniuliza, tuzike? Walikuwa wamesimama wote, jua kali. Nikasema sawa. Sikufikiri, dada. Mdomo ulijibu wenyewe. Walipouinua mwili nikataka kusema ngojeni, nikaona aibu mbele ya watu. Ndiyo hiyo tu. Hakuna nyingine."

Siwema aliyasikia yale maneno na akaikumbuka ile sentensi yake ya Dodoma.

Mwalimu hakuutoa mkono. "Sijakusamehe," alisema, na neno la mwisho lilikatika likawa pumzi. Akatulia, akameza, akaanza tena. "Sijakusamehe. Ila nimekuja. Nitakaa hapa. Niambie alivyokuwa siku ile. Mama. Alivaa nini, nani alimwosha, yote niambie."

Msabila akaanza kulia, si kama watu wa barazani jana, bila kushukuru mtu. Akasema alioshwa na Bi Mwavita. Akasema kucha zake zilikuwa na hina mpya, alipaka siku mbili kabla kwa sababu alisikia Nyamizi anakuja.

Kila Mwalimu alipouliza swali Siwema alisikia kinachoendelea ndani ya koo lile, kwa sikio la kazi ambalo hakuweza kulifunga: ukingo mmoja umeanza kuvimba, nyuzi hazikutani tena sawasawa, hewa inapita pembeni. Alitakiwa kusema inatosha. Alisema, "Kunywa maji kidogo, Mwalimu," na akampa kikombe.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Kalunde aliingia na bakuli la uji unaotoa moshi, akamwona aliyeketi kitandani, na uso ukamjaa furaha.

"Jamani, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" ilisema sauti safi, changa, tamu, kutoka mkobani kwa Siwema.

Kalunde akautazama mkoba. Akamtazama baba yake anayelia, na shangazi yake, na shingo yenye alama nyekundu ya gundi. Siwema aliuvuta mkoba magotini, akaubana kwa mikono miwili kama anayemziba mtu mdomo, na hakujua aangalie wapi.

Mwalimu Nyamizi aliweka kikombe chini. Alivuta pumzi, kama alivyofundishwa.

"Marahaba," alimwambia Kalunde. Nusu ya neno ilikuwa na sauti. Nusu nyingine Kalunde alilazimika kuisoma midomoni, na Siwema, ambaye kazi yake ilikuwa kulizuia neno hilo lisitoke, aliliacha litoke.